Rangi ya Koti la Mzee Osea

Gwamaka alikuwa mtu wa nyuso. Mengine yote yaliyomo kwenye picha, liwe gauni la bibi harusi, keki, maua ya plastiki au lori jipya ambalo mwenyewe amesimama mbele yake mkono kiunoni, aliyaacha yajitegemee. Uso ukitoka vizuri, mteja anaondoka anacheka. Uso ukitoka vibaya, hata gauni liwe jeupe pe, picha inarudishwa mezani na maneno juu yake. Miaka yote aliyokaa mbele ya kompyuta katika studio ya Idrisa, kwenye barabara ya kuelekea mpakani Tunduma, hakuwahi kuona mtu aliyerudisha picha kwa sababu ya shati.

Na nyuso Tunduma hazikosekani. Madereva waliokwama kwenye foleni ya malori walikuja kupiga picha za kuwatumia wake zao, ili wake waone kwamba mume bado mzima na hajakonda. Akina mama wa Nakonde walivuka na vitenge vyao, wakasalimia "mwapoleni mukwai", wakaomba wang'arishwe kidogo, si sana, wasije wakashindwa kujulikana nyumbani kwao. Gwamaka aliwasikiliza wote, kisha akafanya kazi yake kwa mwendo wake. Anaifungua picha kwenye skrini, anaitazama, anapunguza wekundu, anaongeza njano kidogo, anarudisha nusu ya alichoongeza. Akiridhika, hachapi picha nzima. Anachapa kwanza kipande chembamba chenye uso peke yake, anatoka nacho nje kwenye mwanga wa jua, anamwita mteja na kukiweka ubavuni mwa shavu lake. Karatasi na shavu visipokubaliana, anarudi ndani kuanza upya.

Watu walimcheka kwamba anapima mashavu kama fundi cherehani anayetafuta uzi wa kufanana na kitambaa. Idrisa, mwenye studio, alinung'unikia wino unaopotea kwenye vile vipande, lakini alinung'unika kwa sauti ya chini, maana alijua wateja wanazipita studio nyingine kuja kwake kwa sababu hiyo hiyo.

"Skrini inadanganya," Gwamaka alizoea kusema. "Mimi naamini shavu."

Nje ya mlango wa studio kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa baba yake, Mzee Osea. Alikuwa amehamia Tunduma kutoka kijijini kwao Ruanda, huko Mbozi, baada ya kufiwa na mkewe, na baada ya kumbukumbu kuanza kumtoka kidogo kidogo. Kule shambani, mtoto wake mkubwa, Amoni, asingeweza kumlinda mzee na kulima kahawa kwa wakati mmoja, basi Gwamaka akamchukua. Asubuhi walitoka wote nyumbani, baba amemshika mwana mkono, na jioni wakarudi hivyo hivyo. Kati ya hapo mzee aliketi pale akiitikia salamu za kila mpita njia, na akiuliza mara kwa mara kama ng'ombe wameshafika. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa ujana wake, alipokuwa akichunga huko bondeni upande wa Rukwa, na walikwisha kufa kabla Gwamaka hajazaliwa.

Halafu kulikuwa na lile koti. Gwamaka alimnunulia kwenye mitumba kwa mshahara wake wa kwanza, koti zito la rangi ya damu ya mzee, lenye vifungo vya shaba. Mzee alilipenda kupita kiasi. Jua liwake, mvua inyeshe, yeye na koti. Aida, mke wa Gwamaka, ilimbidi amvizie akiwa amelala ndipo alifue, na asubuhi mzee akalivaa hata kama kola bado ni mbichi. Mtaani hapakuwa na aliyemwita Osea. Walimwita Mzee Koti, naye akaitika.

Siku aliyopotea, studio ilikuwa imejaa watu wa kipaimara. Mama mmoja alikuwa amekataa kipande baada ya kipande, akisema mwanawe ametoka mweusi kuliko alivyozaliwa, na Gwamaka alikuwa ameinamia skrini amesahau dunia. Alipotoka nje na kipande cha mwisho, shavu la mtoto lilikubali, mama akakubali, watu wakashangilia kwa utani. Ndipo alipogeuka kumwambia baba yake neno, akakuta benchi tupu.

Alimtafuta kwa udi na uvumba. Aliulizia stendi, sokoni, makanisani, msikitini kwa kina Idrisa, na ng'ambo Nakonde kwa shemeji zake. Polisi waliandika maelezo. Kila aliyeulizwa alimfahamu Mzee Koti, na kila mmoja alidhani leo amebaki nyumbani. Mpaka jua linazama Gwamaka alikuwa amekaukiwa koo kwa kuita, na Aida alikuwa amekaa kwenye lile benchi, kanga kichwani, kama mtu aliyekwisha kupata msiba.

Kesho yake waliingia studio kutengeneza tangazo. Picha nzuri iliyokuwepo ni moja tu, ile ambayo Aida alimpiga mzee kwenye sherehe ya binti yao Judith. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti lake, anatazama mbele sawasawa. Kasoro yake ni kwamba alikuwa chini ya turubai jekundu, na jua lilipopenya kwenye turubai lilimwaga wekundu juu ya kila kitu, meza, sahani na watu.

"Baba Judith, mbona baba amekuwa mwekundu hivi?" Aida aliuliza, akiinama nyuma ya kiti cha mumewe. "Watu si watadhani ana ugonjwa?"

"Turubai hilo. Subiri."

Alianza kuuondoa wekundu. Akauvuta chini, uso ukapoa. Akauvuta tena, ukawa wa kijivu, akarudisha kidogo. Alifanya kazi hiyo kwa uchungu na kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mteja yeyote, maana safari hii hakuwa anatafuta sifa, alikuwa anamtafuta baba yake. Akachapa kipande. Akatoka nacho nje kwenye jua, mguu wa kwanza ukiwa tayari umevuka kizingiti ndipo akakumbuka kwamba shavu la kupimia halipo.

Akasimama pale amekishika. Kisha akarudi, akakitoa ukutani kile kioo ambacho wateja hujitazamia wakichana nywele, akatoka nacho na kukiweka kile kipande ubavuni mwa shavu lake mwenyewe. Tangu utoto aliambiwa amechukua rangi ya baba yake kama alivyochukua masikio yake. Karatasi na shavu vikakubaliana.

"Ndiye baba kabisa," Aida alisema, na machozi yakamtoka.

Hapo ndipo wote wawili walipokosea, na hakuna aliyejua. Wekundu alioutoa usoni aliutoa pia kwenye koti, kwa sababu picha ni moja na aliivuta yote kwa pamoja, kama alivyofanya kila siku. Koti la damu ya mzee likawa la kahawia, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Lilikuwa pale mbele yao, limejaa nusu ya picha. Lakini walikuwa wamelizoea mno, na macho yao yalikuwa usoni. Waliliona koti lile walilolijua.

"Andika na rangi ya koti," Aida alisema wakati mumewe anaandika maneno.

"Mama Judith, picha hii si ya rangi? Mtu mwenye macho ataona mwenyewe." Akaandika: *Amevaa koti hili hili la pichani.* Akaweka namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa, akachapa rundo, na Idrisa hakusema neno juu ya wino.

Matangazo yalibandikwa Tunduma nzima, Vwawa, Mlowo. Madereva wa malori ya mpunga waliyabeba hadi Kamsamba, vijana wa bodaboda wakayafikisha Mkwajuni. Gwamaka aliyaona yakiondoka, akapata nguvu kidogo. Aliamini kazi yake. Alisema moyoni kwamba kwa picha ile, mzee hata akiwa wapi, mtu atamjua.

Simu zilipigwa. Wengine walitaka tu kutoa pole, wengine walikuwa wahuni waliotaka watumiwe hela kwanza. Mtu mmoja alipiga kutoka machimboni karibu na Mkwajuni akisema kuna mzee anazungukazunguka hapo, Gwamaka akapanda bodaboda akafika amejaa vumbi hadi kwenye kope, akaletewa mzee wa watu mwenye fimbo ambaye alimkaripia kwa kumsumbua. Akarudi. Benchi alikataa lisiondolewe. Wateja waliokuja waliketi kwenye ngazi, na hakuna aliyethubutu kulikalia.

Halafu ikaja simu ya Kamsamba. Aliyepiga alikuwa mtendaji wa kijiji kimoja cha huko bondeni, mtu wa maneno ya taratibu.

"Ndugu, kuna mzee wamemkuta wachunga ng'ombe huku mbugani," alisema. "Amefariki. Jua la huku si la wazee. Nimechukua namba yako kwenye tangazo."

Gwamaka alikaa chini. "Amevaa koti?"

"Hapo sasa ndipo nilipositasita kukupigia. Koti analo, lakini silo. La kwenye tangazo ni la kahawia, na huyu lake ni damu ya mzee, lina vifungo vya shaba. Watu wa hapa wanasema siye. Lakini wazee waliopotea hawawezi kuwa wengi, nikasema bora mje mtazame wenyewe."

Gwamaka hakumbuki alimjibu nini. Anakumbuka kwamba alisimama, akaenda kwenye mlango wa studio ambako tangazo la kwanza lilikuwa limebandikwa, akalitazama koti. Alilitazama koti peke yake, akiwa ameufunika uso kwa kiganja. Likawa la kahawia. Akalibandua, akatoka nalo nje kwenye jua kama alivyotoka na vipande maisha yake yote, akiomba kwamba jua litasema vingine. Likawa la kahawia vile vile. Akaketi kwenye benchi la baba yake, na Idrisa alipotoka kuuliza kulikoni, alimkuta amelikunja tangazo na kulisukumiza ndani ya shati kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Walikwenda yeye na Amoni kwa gari la kukodi. Barabara inateremka kutoka kwenye baridi ya Mbozi hadi bondeni, na kila walivyoteremka joto lilipanda, na Amoni alivua sweta, kisha akafungua vifungo vya shati. Gwamaka hakufungua kitu. Alikuwa anamfikiria mzee ndani ya lile koti zito katika joto lile, akitembea, akiwa na furaha pengine, kwa kuwa alikuwa anawafuata ng'ombe wake.

Alikuwa ndiye baba yao. Alilazwa kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, ndevu zimemwota, midomo imekauka. Amoni alimfunika akalia kwa sauti. Gwamaka alikabidhiwa koti limekunjwa vizuri.

Nje palikuwa na mama mmoja anawasubiri, mpika chakula wa pale njiapanda, aliyejitambulisha kwa jina la Mwasiti. Alikuwa amekaa chini, akasimama walipotoka, mikono ameikumbatia kifuani.

"Kaka zangu, poleni sana. Mimi nina neno na sitalala nisipolisema," alianza. "Huyu mzee alikula kwangu. Alishushwa na lori la mpunga, kumbe alimwambia dereva kwake ni huku. Nilimkaribisha, nikampa wali na maji. Alikuwa na adabu, mzee wa watu. Alikuwa anasema asichelewe ng'ombe."

"Alikula?" Gwamaka aliuliza.

"Alikula, kaka. Akashiba. Na tangazo lenu lilikuwa kwenye nguzo ya kibanda changu, hapo hapo alipokaa. Nilimtazama yeye, nikalitazama. Nikasema uso unafanana. Lakini alikuwa na ndevu na vumbi, na wazee wakichoka wanafanana wote. Nikamwuliza jina, akacheka tu. Basi nikaangalia koti, maana mmeandika koti hili hili. Nikaona silo. Simu nilikuwa nimeishika mkononi." Aliukunjua mkono kuwaonyesha. "Nikasema, nikiwapigia wenye mzee wao, waje mbio mpaka huku, wakute siye, nitakuwa nimewaua mara ya pili. Nikaiweka simu. Akashukuru, akaenda zake. Sasa niambieni, nilikosea wapi?"

Amoni alimtazama mdogo wake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye matangazo.

"Hukukosea, dada," Gwamaka alisema. "Ulifuata tulichoandika."

Alitaka kuendelea. Maneno yalikuwepo yote mdomoni, kwamba koti liliharibiwa na mtu, na mtu huyo ni yeye, na sasa hivi tangazo liko ndani ya shati lake limelowa jasho. Hakuyasema. Alijichukia kwa kuona jinsi ilivyokuwa rahisi kunyamaza, na jinsi yule mama alivyoinamisha kichwa na kuubeba mzigo usio wake.

Maiti ilipelekwa moja kwa moja Ruanda, kwa mazishi karibu na kaburi la mama. Gwamaka alipitiliza hadi Tunduma kumchukua Aida na mtoto, na kutengeneza picha ya kuweka juu ya jeneza. Amoni ndiye aliyemkumbusha, na kumkumbusha ilikuwa halali yake. Nani mwingine angetengeneza?

Aliifungua ile ile. Mzee akatokea kwenye skrini mwekundu, chini ya turubai, anatazama mbele sawasawa. Gwamaka aliuondoa wekundu usoni kama mara ya kwanza. Kisha akachukua ile kalamu ya kwenye kompyuta ya kuzungushia sehemu moja ya picha, akalizungushia koti, mabega, kola, mikono, kifungo kwa kifungo, akalirudishia wekundu wake peke yake. Ilikuwa kazi ndogo. Aida alikuwa amemwekea kikombe cha chai mezani, na alipomaliza chai ilikuwa bado ina mvuke. Aliutazama ule mvuke, na hapo ndipo moyo ulipomfia kweli. Hakukosa ujuzi. Hakukosa wakati. Alichokosa ni kutazama chini ya kidevu cha baba yake.

Alichapa kipande, cha koti safari hii. Akatoka nje, akaliweka lile koti magotini, akakilaza kile kipande juu ya mkono wa kulia wa koti. Havikuachana hata kidogo. Idrisa alikuja akasimama nyuma yake, akaweka mkono begani.

"Picha imetoka, ndugu yangu," alisema. "Sijaona nyingine namna hii hapa kwetu."

"Ndiyo," Gwamaka alisema. "Imetoka."

Ruanda watu walikuwa wengi. Kwaya iliimba, mchungaji alisema maneno mazuri juu ya mzee aliyekula chumvi nyingi na kulea watoto wake katika kumcha Mungu. Picha ilikuwa imewekwa kwenye fremu, juu ya jeneza, na kila aliyepita kuaga alisimama mbele yake. Wajukuu waliigusa. Wazee waliochunga naye ujanani walisema Osea amerudi, na Gwamaka, aliyekuwa amesimama kichwani mwa jeneza, alipokea sifa zao moja moja kama mtu anayepigwa.

Watu wa Kamsamba walikuwa wameusindikiza mwili, na kati yao alikuwemo Mwasiti, amejitanda kanga, amesimama nyuma kabisa kwa kuwa hakuwa wa dini yao wala wa ukoo. Zamu yake ilipofika alikuja taratibu. Alilitazama jeneza, kisha akaitazama picha, akasimama. Nyuma yake watu walingoja.

"Ndiye huyu," alisema polepole. "Ndiye huyu huyu niliyempa wali. Na koti lake ndilo hili." Aliinua macho, akamtafuta Gwamaka, na usoni mwake hapakuwa na hasira yoyote. Palikuwa na mshangao tu. "Kaka, kumbe picha yake mlikuwa nayo. Mbona sisi hamkutuletea hii?"

Gwamaka alifungua mdomo. Aida alikuwa hapo kando, na Amoni, na Idrisa aliyetoka Tunduma kwa ajili ya maziko, na wote walikuwa wamemgeukia kumsikiliza. Lakini wabebaji walikuwa wameshainama kushika vishikio, na mzee wa kanisa aliichukua picha kutoka juu ya jeneza, akampa yeye, kwani mtoto wa kiume ndiye hutangulia nayo. Akaishika kifuani, uso wa baba yake na koti lake vikitazama watu, akaanza kutembea mbele kuelekea kaburini, na Mwasiti akajisogeza pembeni kumpisha, bado anangoja jibu.